Unataka kula vibichi? Jua kwanza vibichi vya aina gani

Mtu wa jimu akikwambia "mimi siku hizi ni vibichi tu", muulize anamaanisha vipi. Kuna wanaokula mimea pekee: matunda, mboga, njugu, mbegu zilizochipuzwa. Wengine huongeza maziwa na mayai mabichi, na wapo wanaofika hadi kwenye nyama na samaki. Wengi wao hawapashi chakula kupita nyuzi 40 hadi 48 hivi za Selsiasi, ndiyo maana embe lililokaushwa juani bado wanalihesabu kuwa bichi.

Hapa Nairobi ningeanza na kundi la kwanza, tena mlo mmoja tu kwa siku. Avokado, karoti, kabichi na dania za soko la Marikiti zinatosha. Kachumbari si mgeni kwetu. Ukichoka, chipuza ndengu: loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha suuza asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu zimetoa vimkia. Lakini usijaribu hivyo na maharagwe mekundu! Yana sumu isiyoondoka kwa kuchipuza. Lazima yatokote sawasawa. Muhogo mchungu pia usiutafune mbichi.

Maziwa ya kupimiwa siyagusi kabla hayajachemka, ugonjwa wa brusela si mchezo. Sukuma wiki ioshe jani kwa jani chini ya mfereji. Na ukiacha kabisa nyama, maziwa na mayai, tafuta vidonge vya vitamini B12, kwa sababu mboga haziwezi kukupa ya kutosha.