Hulahupu: jinsi ya kuzungusha ringi kiunoni hadi jasho likutoke

Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Kazi yangu ni ya kukaa: asubuhi naketi, shingo imeinama, mguu uko kwenye pedali, na msimu wa harusi ukifika siinuki hadi adhuhuri. Kazi hii humla mtu mgongo na kiuno taratibu, na kila fundi anayesoma hapa anajua ninachosema. Kukimbia barabarani sikupendi. Ringi ya kiunoni naipenda, na ndiyo maana nimedumu nayo. Baada ya alasiri natoka nayo uani, nafungulia muziki, na nikishaanza sitaki kuacha. Wateja huiona imetundikwa ukutani karibu na vitambaa, wanauliza, nawaeleza. Haya ndiyo maelezo yenyewe, kwa kirefu.

Kwanza ukubwa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokatishwa tamaa bure. Mtu mzima anachukua ringi ya mwanawe, ile nyembamba ya rangirangi, inamdondoka mara tatu, basi anasema yeye hana kiuno cha mchezo huo. Kiuno anacho. Ringi ndogo huzunguka haraka mno, na mwili haupati nafasi ya kuifuata. Ringi kubwa huzunguka polepole, inakupa muda wa kusukuma kila inapopita. Wasichana wa jimnastiki kwenye mashindano makubwa hutumia ringi ya kipenyo cha sentimita 80 hadi 90, na hao wamefunzwa tangu utotoni. Wewe anza na sentimita 100 hadi 110. Isimamishe wima chini mbele yako: ukingo wa juu ufike kati ya kitovu na kifua. Mwenye mwili mpana achukue kubwa zaidi, wala asione haya. Ringi hupimwa kwa mwili wa mtu kama gauni.

Za ukubwa huo madukani si rahisi kuzipata, kwa hiyo mimi natengeneza. Nenda hadiwea uulize lile bomba jeusi la maji lenye mstari wa bluu, linalouzwa likiwa roli. Chukua la milimita 25, ambalo mafundi bomba huliita robo tatu. Kwa kuwa limekaa kwenye roli, tayari lina mviringo. Linatengenezwa kwa poliethilini, plastiki ya jamii ileile iliyotumiwa na kampuni ya Wham-O ya California mwaka 1958, ringi hizi zilipoivamia Marekani na kuuzwa kwa mamilioni ndani ya miezi michache. Kwa hiyo usidhani bomba ni kitu cha kubabaisha.

Urefu wa kukata unapatikana kwa kuzidisha kipenyo unachotaka kwa 3.14. Anayekata sketi ya duara anaijua hesabu hii usingizini. Ringi ya sentimita 105 inataka bomba la sentimita 330. Muombe muuzaji pia kipande kifupi cha bomba la milimita 20, urefu wa kiganja, na ujaribu palepale dukani kama kinaingia ndani ya lile kubwa kwa kubana. Kikilegea, kizungushie tepu hadi kibane. Nyumbani, kata kwa msumeno wa chuma, lainisha ncha kwa msasa, kisha chovya ncha moja kwenye maji yanayochemka hadi ilainike. Ingiza kipande kile nusu yake, subiri kipoe, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Vaa glovu au shika kwa kitambaa kinene, maana plastiki ya moto inaunguza. Hapo una ringi yenye uzito wa karibu nusu kilo, na huo unatosha kabisa kwa mwanzo.

Watu hupenda kujaza maji au mchanga ndani ili iwe nzito. Usifanye hivyo. Bomba la ukubwa huu likijaa maji linaongezeka karibu kilo nzima, na mchanga ni mzito kuliko maji. Kitu hicho kikikupiga kwenye mfupa wa nyonga kwa dakika kumi, kesho utaamka umevilia damu.

Bomba tupu linateleza, kwa hiyo livishe. Wengine huzungushia tepu. Mimi natumia mabaki ya pamba: nakata vipande vya upana wa inchi 2, navikata mshazari ili vivutike na vikae kwenye mviringo bila kukunjamana, naanza kwenye kiungo na kuzungusha kwa kupandisha nusu juu ya nusu hadi nirudi nilipoanzia. Mwisho naushona kwa mkono. Pamba inashika nguo vizuri, haiumizi ngozi, na ikichafuka unaibadilisha. Vitenge vya rangi kali vinapendeza sana ringi ikizunguka.

Na wewe mwenyewe vaa nguo inayoshika. Dera linafaa kupumzikia, lakini hapa litakusumbua: linapepea, ringi inalivuta, vyote vinashuka pamoja. Satini nayo inateleza. Vaa fulana ya pamba na suruali isiyopwaya, au jifunge khanga ya pamba kwa kubana kuanzia kwenye mbavu hadi nyonga. Khanga mpya yenye wanga fua kwanza. Chagua mahali ambapo ukinyoosha mikono pande zote bado inabaki hatua moja kubwa kabla ya kugusa kitu, na watoto wakae mbali. Ringi ikikutoka kwa kasi inaweza kuangusha vyombo.

Sasa kuzungusha kwenyewe. Sisi wa pwani tumelelewa kwenye chakacha na mdundiko. Mtu akiambiwa azungushe ringi, anakata kiuno duara zima, kwa madaha, kama yuko ukumbini. Kiuno kinapendeza, ringi inaanguka. Hapa husukumi kwa duara. Unasukuma mbele na nyuma, au kushoto na kulia, kwa mwendo mfupi. Kuzunguka ni kazi ya ringi, wewe unaipa nguvu tu kila inapokugusa.

Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, umbali wa hatua ndogo, magoti yalegee kidogo. Ukitumia zaidi mkono wa kulia, irushe ringi kuelekea kushoto na mguu wa kushoto uwe mbele. Iweke ringi ikuguse mgongoni, juu kidogo ya nyonga, usawa wa kitovu, iwe imelala sawasawa na ardhi. Angalia hapo: ikianza imeinama upande mmoja haitapona. Irushe kwa mikono yote miwili, kwa nguvu kuliko unavyodhani inahitajika, halafu mara moja hamishia uzito wako mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ringi ikipita tumboni, sukuma tumbo mbele. Ikipita mgongoni, sukuma mgongo nyuma. Mabega yatulie, kifua kiwe wima, mikono uiinue juu ya ringi, na usitazame chini. Anayetazama chini anainama, na akiinama ringi inafuata mteremko.

Mwanzoni tafuta mzunguko mmoja tu, kisha miwili. Ringi ikianza kushuka, usiiache ianguke huku umesimama. Kunja magoti kidogo, ongeza kasi ya kusukuma, na geuza mwili wote kuelekea upande inakozunguka. Ukigeuka nayo, ni kama umeipunguzia mwendo, unapata nafasi ya kuidaka na kuipandisha. Wifi yangu alikuwa anaipoteza kila ikifika nyongani, na kugeuka huku ndiko kulikomwokoa. Jioni ileile aliizungusha wimbo mzima, na watoto wa uani wakampigia makofi.

Kuna watu inawakubali upesi kuliko wengine, na sababu iko kwenye umbo. Mimi napima viuno kila siku kwa futi kamba, nimeliona hili kwa macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York nao walichapisha mwaka 2025 majaribio yao ya kuzungusha ringi kwenye vijiroboti vya maumbo mbalimbali, wakaona kwamba ili ringi ikae juu panahitajika mteremko wa nyonga na mbonyeo wa kiuno. Umbo lililonyooka kama mcheduara linaiangusha. Kwa hiyo kama nyonga na kiuno chako ni karibu kipimo kimoja, kaka zangu wengi mko hivyo, chukua ringi kubwa zaidi, irushe kwa nguvu zaidi na usukume kwa haraka zaidi. Mtaiweza.

Siku za mwanzo dakika tano zinatosha, kwa mafungu ya dakika moja moja. Ngozi ya kiunoni inahitaji kuzoea. Alama nyekundu ni kawaida, na zinapungua kadiri unavyoendelea. Ukivilia damu pumzika siku mbili. Kisha ongeza hadi dakika kumi, hadi kumi na tano. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika ratiba: zungusha pande zote mbili. Upande usiouzoea utakuwa mgumu, utajihisi umeanza upya, lakini mwenye kuzungusha upande mmoja mwaka mzima anaujenga mwili upande mmoja. Mimi naanza na upande mgumu, nikiwa bado na nguvu.

Muziki chagua kwa mwendo. Singeli ni ya kasi mno kwa ringi kubwa. Mduara unakaa vizuri, na rumba ya Kikongo sehemu ya sebene inapoanza. Mwezi wa Ramadhani mimi hufanya baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshuka, kwa sababu tumbo likijaa ringi inakera.

Faida yake ni ya kweli. Baraza la mazoezi la Marekani, ACE, liliwapima wanawake waliokuwa wakifanya darasa la hulahupu, likakuta wanachoma wastani wa kalori 210 kwa nusu saa, na moyo unakwenda kasi ya zoezi halisi. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa watu wenye uzito uliozidi ringi ya kilo 1.5 kwa wiki 6, wastani wa dakika 13 kwa siku. Viuno vyao vilipungua takriban sentimita 3, zaidi ya walipokuwa wakifanya zoezi la kutembea. Kwa futi kamba yangu hiyo ni zaidi ya inchi moja, na inchi moja kiunoni ni gauni kufungika au kutofungika. Lakini ringi haichagui mafuta ya tumboni peke yake. Chapati na soda zikibaki vilevile, kiuno nacho kitabaki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ringi inaweza kuchukua sehemu nzuri ya hizo, nyingine utembee.

Zipo ringi za kufunga kama mkanda, zenye kijimpira kizito kinachoning'inia na kuzunguka kwa nje. Hazianguki, na hapo ndipo zinaponichosha. Kuifukuza ringi inayotaka kuanguka ndiko kunakouamsha mwili mzima, kuanzia vidole vya miguu. Ila kwa mtu mwenye chumba kidogo zina nafasi yake.

Mjamzito asubiri. Aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asianze bila kumuuliza mkunga au daktari. Vivyo hivyo mwenye pingili za mgongo zilizoteleza, mwenye hernia, na mwenye maumivu ya nyonga yasiyojulikana yametoka wapi. Maumivu makali yanayoshuka mguuni ni ishara ya kuacha palepale.

Ukishaweza kuizungusha wimbo mzima bila kuishika, anza kutembea nayo. Usibadilishe mwendo wa kiuno: inua mguu wa nyuma wakati ringi ikiwa tumboni, uuweke mbele, tulia mizunguko kadhaa, kisha mguu wa pili. Watoto wetu wa uani huenda hivyo kutoka kwenye mwembe hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Baada ya hapo ipandishe kifuani: telezesha mkono mmoja ndani, kisha wa pili, na usukume kwa mbavu. Hiyo ni kazi ya misuli mingine kabisa, na utaihisi kesho yake chini ya makwapa.