Anza na barua za mapendekezo, fomu baadaye

Unaomba uzamili au uzamivu kwenye chuo chenye jina? Kabla hujagusa fomu, watafute watakaokuandikia barua za mapendekezo. Fomu unaweza kuijaza usiku mmoja ukibanwa. Mhadhiri huwezi kumharakisha.

Oxford, kwa mfano, kozi nyingi za ngazi hiyo zinataka barua tatu, na maombi ya nyingi hufungwa Desemba au Januari. Barua haipitii mikononi mwako: mfumo humtumia mwandishi kiungo kwa baruapepe, naye huipakia mwenyewe. Kiungo hicho hupenda kujificha kwenye barua taka, kwa hiyo mtahadharishe mapema.

Mpe angalau wiki sita. Pamoja na ombi, mtumie wasifu wako, matokeo, rasimu ya maelezo binafsi, na aya fupi ya kumkumbusha kazi uliyofanya chini yake: tasnifu ile, wasilisho lile la semina. Amefundisha mamia, hawezi kukumbuka yote. Bila hayo ataandika "ni mwanafunzi mwenye bidii", sentensi ambayo wanaochagua wameisoma mpaka wamechoka.

Mimi ningemchagua mhadhiri wa kawaida aliyesimamia utafiti wangu kuliko profesa maarufu aliyenisahihishia mtihani tu. Na muulize waziwazi: "Mwalimu, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzito?" Akisitasita, mshukuru kisha tafuta mwingine. Kumkumbusha kwa upole wiki mbili kabla ya mwisho si usumbufu, wengi hushukuru.