SOMO: Gari linamisi? Hamisha koili kwanza, spea baadaye

Wiki hii nimeletewa Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Mwenyewe alishabadilishiwa plagi zote nne, chujio la petroli, hadi pampu ya mafuta, na bado linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ugonjwa ulikuwa koili moja, kile kifaa kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme wa cheche. Tuliupata ndani ya dakika 20, bila kununua kitu. Inaniuma sana mtu anapomaliza akiba yake kwa kubahatisha, ndiyo maana naandika somo hili.

Gari linamisi pale silinda moja au zaidi isipochoma mafuta sawasawa. Nguvu zinapungua, mlimani linazubaa, kwenye foleni usukani unatetemeka, bomba linatoa harufu ya petroli mbichi na taa ya cheki injini inawaka. Taa hiyo ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, tafuta pa kuegesha. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la moshi), nayo yakizidiwa na moto huyeyuka na kuziba.

Hatua ya 1: soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kifaa kidogo cha kusomea, kinaitwa OBD, kinachochomekwa chini ya dashibodi kinatosha. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. P0300 maana yake kumisi kunahamahama. Kwenye 1NZ silinda ya kwanza iko upande wa cheni, yaani upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Andika kodi kwanza, ndipo uifute.

Hatua ya 2: hamisha koili. Tuseme umepata P0302. Zima injini, iache ipoe. Fungua bolti za koili kwa spana namba 10, bonyeza klipu ya waya uichomoe taratibu, maana plastiki za magari haya zimekaushwa na joto na zinavunjika upesi. Koili ya 2 ipeleke silinda ya 3, ya 3 ilete kwa 2. Futa kodi, endesha kama dakika kumi, soma tena. Ikija P0303, ugonjwa umehama na koili, basi nunua koili moja tu. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Fanya mchezo huo huo kwa plagi, na mwisho kwa nozeli, zile zinazopuliza petroli.

Usiichomoe koili injini ikiwa inaunguruma. Umeme wake ni maelfu ya volti.

Hatua ya 3: tumia macho. Koili ya ile IST ilikuwa na mstari mwembamba wa kijivu kwenye raba yake ndefu, umeshuka kutoka juu hadi chini kama njia ya mchwa ukutani. Umeme ulikuwa unatorokea hapo kwenda kwenye bodi ya injini, haufiki kwenye ncha ya plagi. Ukiuona mstari huo, angalia na kauri nyeupe ya plagi, mara nyingi utaukuta mwenzake. Badilisha vyote viwili, kwani kimoja kibovu kitamharibu mwenzake mpya.

Mulika tochi kwenye shimo la plagi. Ukikuta oili, raba za chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimechoka, na plagi mpya zitaogelea kwenye oili ile ile.

Plagi yenyewe inazungumza: kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye masizi makavu ni petroli kuzidi, yenye utelezi wa oili ni ringi za pistoni au sili za valvu. Pengo la plagi nyingi za 1NZ ni milimita 1.1. Plagi ya iridiamu usiisugue kwa brashi ya waya, ncha yake ni nyembamba mno. Wakati wa kurudisha anza kwa vidole, maana kichwa cha injini ni aluminiamu. Ukianza na racheti ikaingia upande, umekula meno ya tundu la plagi.

Hatua ya 4: kama koili, plagi na nozeli vyote ni vizima, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake, itie oili kidogo upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi ya kichwa.

MASWALI

*Fundi shikamoo. Gari yangu imeanza kumisi baada ya kuoshwa injini kwa presha.*

Marahaba. Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Toa koili, kausha kwa upepo wa kompresa na kitambaa kabla hujatoa plagi, maji yasiingie kwenye silinda. Mara nyingi litapona hapo hapo.

*Mkuu, mimi inamisi asubuhi tu, ikishapata moto inatulia. Kodi P0300.*

Angalia kwanza maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua bila kuvuja nje, usingoje, huenda gasketi ya kichwa inapitisha maji ndani ya silinda usiku. Yakiwa kamili, kagua hozi za upepo nyuma ya throto, sikiliza kama kuna mluzi, kisha pima nozeli kama zinadondosha.

*Nina Noah ya zamani, haina koili juu ya plagi, ina distributa (kigawa umeme cha plagi).*

Kaka, hapo waya za plagi, kifuniko cha distributa na rota ndio washukiwa wa kwanza. Usiku, giza likiwa zito, washa injini, fungua boneti, simama mbali kidogo. Waya mbovu utauona unatoa cheche za buluu. Usiuguse.

*Naweza kuendesha hivi hivi kutoka Dar hadi Morogoro nikatengenezee huko?*

Dada, hapana. Kilomita karibu 200 na silinda moja imekufa ni kuyachoma masega. Hamisha hiyo koili leo, utuletee kodi mpya hapa.