Neno refu la kiingereza lisikutishe, likate vipande

Ukikutana na neno kama "uncomfortable" usilivamie lote kwa mkupuo, chomoa kwanza kiambishi cha mbele "un" kiweke pembeni, alafu tafuta neno lenyewe, hapo ni "comfort", mwisho ndo ulete mkia "able". Sasa kosa la wengi wetu (mi nilichekwa sana darasani) tunakuja na mkazo wa kiswahili, ule wa silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema an-kom-fo-TE-bo, wakati wenyewe wanakandamiza KAMF na ile "or" wanaimeza kabisa: an-KAMF-ta-bol, silabi nne tu. "Misunderstanding" afadhali, mis-an-da-STAN-ding, mkazo umeangukia palepale tulipozoea. Piga kofi kila silabi, taratibu, spidi itakuja baadae.