Bili ya maji imepanda? Cheki mita usiku

Usiku simtanki likishajaa, funga koki zote, piga picha mita, asubuhi kabla mtu hajachota piga tena. Namba zimesogea? Basi kuna mahali panavuja. Mi niligombana na wapangaji bure kumbe ni choo, maji yanachuruzika taratibu wala husikii, we tia rangi ya keki kidogo kwenye tangi la kuflashi, kaa kama nusu saa bila kuflashi, ukiona rangi imeshuka kwenye sinki la choo jua mpira wa chini umechoka. Koki inayodondosha usiikaze kwa nguvu, unaimaliza, badilisha washa tu, kile kipete cha mpira cha ndani ya koki. Na ile tepu nyeupe ya kuzungushia ncha ya bomba ili maungio yasivuje, ncha ikikutazama, izungushe kufuata saa, ukizungusha kinyume inafunguka ukikaza.