Kupima mikoko ya Tudor kwa picha ya setilaiti

Ukitaka kupima mikoko ya Hori la Tudor, Mombasa, anza na jedwali la maji kujaa na kupwa, kompyuta baadaye. Agiza picha iliyopigwa maji yamekupwa. Bamvua likijaa, miche hufunikwa na mahali tulipopanda huonekana bahari tupu. Hapo silegezi kamba hata kidogo.

Setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, hutoa picha ya kijivu yenye pikseli (kitone cha picha) ya sentimita 31 hivi ardhini, na ya rangi yenye pikseli ya mita 1.24. Yaani pikseli moja ya rangi imebeba 16 za kijivu. Kabla ya kuziunganisha, chukua ile ya rangi kama ilivyo ukokotoe fahirisi ya uoto, yaani kipimo cha wingi wa majani mabichi: bendi (tabaka la mwanga) ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kutoa nyekundu, gawanya kwa jumla yao. Kuunganisha hubadilisha thamani za bendi, na watu wengi hulisahau hilo. Kisha ziunganishe kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, upate picha ya rangi yenye uwazi wa ile ya kijivu, ukiweka mfumo wa majira ya ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini.

Siku hizi mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, huchora mipaka ya kila mti yenyewe. Napenda sana kasi yake, ila ifunze kwa miti ya hapa. Vaa buti, shuka matopeni Mikindani na GPS, uweke alama kila aina ya mti wa mikoko peke yake: mchu mbali, mkoko wenyewe mbali, mlilana mbali. Sehemu ya alama hizo usiifunzie. Ibakize ya kuipima kazi ya kompyuta.