Kitalu Nyumba cha Kikundi katika Joto la Dar es Salaam

Vikundi vingi vya pembezoni mwa jiji, kuanzia Chanika na Msongola hadi Kigamboni, hutaka kitalu nyumba cha nyanya kilichozibwa nailoni pande zote kama walivyokiona kwa wakulima wa Lushoto au Arusha, wakasahau kwamba nailoni ile hutunza joto ambalo sisi wa Pwani tunalikimbia. Nyanya hupukutisha maua mchana unapozidi nyuzi 32 au usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, na kati ya Desemba na Machi hali hiyo kwetu ni ya kawaida.

Kwa hiyo nailoni iwe ya paa tu. Paa liinuliwe angalau mita 4 na liachiwe upenyo juu wa kutolea hewa ya moto, kisha kuta zote ziwe za nyavu laini za kuzuia inzi weupe na kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014. Milango iwe miwili inayofuatana, wa pili ufunguliwe baada ya wa kwanza kufungwa. Nimeingia vitalu vya gharama kubwa nikakuta mlango umeegeshwa kwa tofali ili watu wapite na ndoo. Hapo nyavu hazina kazi tena.

Nyavu huzuia pia nyuki na upepo. Kila asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5, mwanakikundi wa zamu atikise kamba zilizoshikilia mashina kwa sekunde chache ili chavua idondoke; bila hivyo matunda hutunga machache na madogo.

Kabla ya kujenga, ng'oa magugu au mazao yaliyopo mahali hapo uangalie mizizi. Ukiona vinundu kama punje za kunde, udongo una minyoo fundo, yaani vijinyoo vinavyoshambulia mizizi, na ni nafuu kuhamia eneo jingine. Pima pia chumvi katika maji ya kisima, maana hoho huathirika nayo mapema kuliko nyanya.

Sia mbegu mwishoni mwa Januari na hamisha miche baada ya wiki nne, ili maua yatoke joto linapopungua na uvunaji uanze Mei, wakati ugonjwa wa bakajani na mvua za masika vimeshaharibu nyanya za mashamba ya wazi na bei ya tenga imepanda. Msimu unaofuata usirudishe nyanya, hoho wala bilinganya, kwani ni za ukoo mmoja. Panda chainizi au mchicha.

Mchicha huo ndio mboga ya nyumbani. Wanakikundi wakubaliane kwa maandishi kwamba siku ya kuvuna kila kaya ichukue fungu lake kwanza, lipimwe kwa mizani na kuandikwa daftarini, ndipo mzigo wa sokoni ufungwe, kwa sababu dalali akishafika shambani mboga ya watoto husahaulika.